Kamiyo ya Beni Yapita kwa Redio

Butembo, 3 Septemba 2024

Moustapha amenipigia simu kutoka Beni, na tangu tuagane sijatulia. Daktari amemwambia sukari imekula macho yake. La kushoto limekwisha. La kuume linaona ukungu, na ukungu wenyewe huenda usifike Noeli. Nikaanza kumpa pole za watu wazima, akanikatiza. Pole hataki. Anataka kuiona kamiyo yetu mara moja tena kabla giza halijamfunga.

Kamiyo yetu, yaani lori letu, ni mchezo wa kompyuta. Tuliutunga mwaka 1986, yeye na mimi, katika shule ya mapadri hapa Butembo. Yeye alikuwa mtoto wa Mwislamu msafirishaji wa Beni, mimi msichana pekee katika darasa la hesabu. Padri mmoja alirudi likizoni na Spectrum mbili, mashine ndogo nyeusi zenye vitufe vya mpira, unaziunganisha kwenye televisheni. Alipoondoka kabisa alituachia kila mtu yake. Yangu radi iliipiga mwezi wa nne. Ya Moustapha ingali hai, ila kaseti zake ziliota ukungu. Kaseti ya mchezo ninayo mimi. Kwa hiyo mashine iko Beni, kaseti iko Butembo, na katikati kuna ile barabara inayoviziwa na waasi.

Nimemwambia ataiona. Sijui ni nani aliyenituma kusema hivyo, lakini nimeshasema.

5 Septemba

Mvua kutwa. Wageni wangu wamefua na nguo hazikauki. Nasema wageni, ila ni Nadège na watoto wake watatu waliokimbia vita Kayna tangu mwezi wa sita. Amepanga sufuria zake juu ya meza ya mashine. Sikusema kitu, lakini nimechukia.

9 Septemba

Nimenakili kaseti kwa ile redio yangu yenye matundu mawili. Nakala nimempa Kasimu, mpwa wa Moustapha, ambaye anaendesha gari la mizigo la ukoo wao. Anaondoka kesho na msafara unaosindikizwa na wanajeshi. Ameitia kwenye mfuko wa shati, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akasema, "Yaya, usihofu, kaseti haina uzito."

10 Septemba

Nimekaa nikikumbuka ujanja wetu, maana vijana wa siku hizi wanadhani kompyuta ilikuja Butembo pamoja na simu za kugusa. Nikisema tulikuwa tunaandika programu hapa wakati wa Zaire, wanatabasamu kama wanavyotabasamia wagonjwa. Watabasamu tu.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo hata aibu. Picha moja tu ya simu ya Nadège haingeingia. Kila tarakimu uliyoiandika ilikula nafasi kubwa kuliko neno zima, kwa hiyo tulijifunza kutoandika tarakimu. Badala ya sifuri tuliandika NOT PI. Mashine inajua pi ni nini, ukiikanusha inakupa sifuri, na umeokoa nafasi. Badala ya moja tuliandika SGN PI. Padri alipoona ukurasa mzima hauna namba hata moja alicheka mpaka akavua miwani.

Ujanja wa mashimo ulikuwa wangu. Kamiyo inapanda kilima cha Kabasha na barabara imejaa mashimo ya matope. Moustapha alitaka mashine ikumbuke kila shimo liko wapi. Nafasi ya kukumbuka ilitoka wapi? Nikamwambia tusikumbuke chochote. Kabla kamiyo haijasogea, tuiulize skrini ile sehemu ya mbele ina rangi gani. Ikiwa ya kahawia, yaani ile nyekundu iliyofifia tuliyoiita kahawia, umekufa. Alininunia siku mbili kwa sababu hakuuwaza yeye.

Wa kwake ulikuwa mkubwa zaidi, nakiri. Skrini ilipojaa, mashine ilisimama na kuuliza chini kabisa: scroll? Ilitaka ruhusa ya kuendelea. Kila mara, ruhusa. Akapekua ndani ya mashine mpaka akapata kijumba kimoja cha kumbukumbu, namba 23692. Ukikijaza 255 mashine inaacha kuuliza. Barabara ikaanza kupanda skrini bila kusimama. Tulipiga kelele, na padri wa zamu akaja kutufukuza.

12 Septemba

Msafara umeshambuliwa kabla ya Kabasha. Magari yamechomwa. La Kasimu ni mojawapo.

13 Septemba

Yuko hai. Ameruka, amevunjika mkono, amelala porini. Rachida, binti Moustapha, ndiye aliyenipigia. Watu wengine wawili hawako hai, na mmoja alikuwa mama aliyeomba nafasi juu ya mizigo.

Kasimu mwenyewe ametuma salamu kwamba kaseti imeungua na anaomba radhi. Mtu amevunjika mkono na anaomba radhi kwa ajili ya kaseti. Nimelia kwa hasira. Nimeapa mbele ya msalaba ulio mlangoni kwamba sitamweka mtoto wa mtu kwenye barabara ile kwa sababu ya mchezo.

18 Septemba

Nimejaribu simu. Programu zetu zilihifadhiwa kama sauti. Ukiicheza kaseti inalia, kwanza mlio mmoja mrefu, halafu mikwaruzo mikali kama mabati yanayokokotwa, na mashine ikisikiliza inajenga mchezo. Basi nikaweka simu karibu na spika, nikarekodi, nikamtumia Rachida. Akaicheza mbele ya mashine. Mashine ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Simu za leo zimefundishwa kusafisha kelele ili sauti ya mtu isikike vizuri, na kamiyo yetu yote ni kelele.

26 Septemba

Nimegombana na Nadège. Alinikuta nikirekodi kwa mara ya kumi na ngapi sijui, watoto wake wameziba masikio. Akaniambia bila kupaza sauti:

"Mama, batu banalala ndani ya makanisa, bengine banakula mara moja. Na weye unahangaika juu ya kamchezo."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama nyumba yangu ina makelele, makanisa bado yana nafasi. Ameingia chumbani akafunga mlango. Leo jioni sufuria zimeondoka juu ya meza, na hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

27 Septemba

Nimemwomba msamaha. Amesema yameisha, lakini sufuria bado ziko sakafuni.

1 Oktoba

Nilikuwa nikisonga ugali na redio ikitangaza vifo, nikaacha mwiko. Redio haisafishi chochote. Sauti inayoingia ndiyo inayotoka. Redio ya mtaani kwetu inasikika hadi Beni, Rachida anaisikiliza kila siku kwa sababu ya nyimbo. Ikiicheza kaseti yangu, yeye huko anarekodi kwa kaseti yake, anaipeleka kwenye mashine. Barabara hakuna, msafara hakuna, mtu wa kuungua hakuna.

2 Oktoba

Nimekwenda kwa Éliakim, mkurugenzi wa redio. Nilimfundisha hesabu zamani na alikuwa mwoga wa ubao. Bado ni mwoga. Akauliza wasikilizaji watafikiri nini, na kwa nini tusitume kama faili. Nikamwambia mtandao wa Beni umekufa tangu mnara uharibike juzi, simu zenyewe zinashika kwa shida. Fundi wake Ariel alisikiliza kaseti, akasema inaingia vizuri. Éliakim akasema atafikiri. Mtu wa kufikiri huyu nilimjua tangu kidato cha pili.

4 Oktoba

Anafikiri.

5 Oktoba

Nimekaa kwenye benchi la redio tangu asubuhi. Amekubali, kesho baada ya matangazo ya misa.

6 Oktoba, Jumapili

Ilianza vizuri. Mlio mrefu, kisha mikwaruzo, safi kabisa. Nilikuwa nyuma ya kioo. Lakini simu za studio zikaanza kulia zote, na Éliakim akaingia mbio akazima kabla ya nusu. Hakueleza chochote hewani, akaweka wimbo wa kwaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu mji mzima ukabaki na makelele yasiyo na mwenyewe.

Rachida amepiga simu. Redio waliiunganisha moja kwa moja na mashine, ikaanza kupokea, mistari ya rangi ikatokea pembeni ya televisheni, baba yake akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Halafu kwaya ikaingia.

7 Oktoba

Sokoni wanasema ilikuwa alama ya waasi. Wengine wanasema ni shetani. Muuza mkaa wangu anasema ni ndege zisizo na rubani, zinazungumza zenyewe kwa zenyewe.

8 Oktoba

Leo tumeitwa, Éliakim na mimi, kwenye ofisi ya watu wa usalama. Nitaandika yote kwa sababu nataka kukumbuka.

Ofisa ni kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alinipa kiti, Éliakim akamwacha amesimama. Kaseti yangu, waliyoichukua studio, ilikuwa mezani kwake. Akaiweka kwenye redio ndogo, tukasikiliza sote watatu mpaka mwisho, ofisa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza maungamo.

"Mama, ile makelele inasema nini?"

"Inasema kamiyo inaenda Beni."

Kalamu yake ikainuka. "Kamiyo ya nani?"

"Ya mimi na Moustapha."

"Imebeba nini?"

Nikakumbuka kwamba tuliandika maharagwe, maana gunia la maharagwe lilikuwa rahisi kuchora. Nikasema maharagwe. Akaandika maharagwe. Akauliza kamiyo itaondoka lini, na mimi, ambaye mdomo umenigombanisha na watu maisha yangu yote, nikamwambia iliondoka mwaka wa themanini na sita.

Hakucheka. Alidhani namdhihaki. Ikanibidi nieleze upya tangu padri, vitufe vya mpira, televisheni, sauti inayogeuka picha. Nilichora kwenye karatasi yake. Nikamweleza hata ujanja wa scroll, jinsi mashine ilivyokuwa inasimama kuuliza ruhusa na sisi tukaifundisha isiulize. Pale akaweka kalamu chini. Kisha akasema anaamini mimi ni mwalimu, lakini yeye ana wakubwa, kwa hiyo makelele yale yasisikike tena bila mji kujua ni nini.

Nikasema, "Mukubwa, umesema bila muji kujua. Muji ukijua?"

Akamgeukia Éliakim badala yangu, akamwita mjinga, akamwambia redio kama yake inafungwa kwa saini moja. Alimsema hivyo mbele ya Ariel na mfagizi waliokuja kumsubiri mlangoni. Kaseti akanirudishia.

Njiani Éliakim alitembea mbele yangu. Nilijua imekwisha, kwa kuwa mtu aliyeogopa simu za wasikilizaji angefanya nini baada ya hayo? Tulipofika kwangu akasimama kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

"Mwalimu," akasema, "ule mutoto ameniita mujinga mbele ya batumishi bangu. Leta kaseti. Tutaeleza batu wiki muzima, na kisha tutapiga yote."

11 Oktoba

Nadège aliniuliza maswali jana, mimi nikajibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kumbe alikuwa anakusanya. Leo nimefungua redio namsikia yeye. Amekwenda mwenyewe studio, akaomba dakika chache, akaongea Kinande kwanza halafu Kiswahili. Amesema yeye ni mkimbizi wa Kayna, anaishi kwa mwalimu Kaswera, na makelele yale ameyasikia kupita mutu yeyote wa Butembo, hakuna shetani ndani.

Kisha akasema haya, nimeyaandika mara tu alipomaliza: "Kwetu balichoma nyumba, na picha za ndoa, na sauti ya bwana wangu ilikuwa ndani ya telefone, nayo ikapotea. Mimi hapana na kitu cha kutafuta. Huyu mama iko nacho. Mutamukatalia juu ya nini?"

Nilikaa chini. Miezi minne nimeishi na mtu huyu nikihesabu sufuria zake.

12 Oktoba

Nimezirudisha sufuria juu ya meza mimi mwenyewe.

15 Oktoba

Mvua ya mawe. Vijana wanapita wakiiga mlio wa kaseti kwa midomo. Mmoja anauiga vizuri.

20 Oktoba, Jumapili

Saa ile ile ya matangazo ya misa. Éliakim mwenyewe alitangaza. Alisema mtakachosikia ni kamiyo, inatoka Butembo inaenda Beni, kuna mzee anaisubiri, mwenye simu asipige. Ariel akabonyeza.

Studio ilijaa watu waliojificha mvua. Mlio mrefu. Mikwaruzo mifupi, hilo ni jina la mchezo. Mlio tena. Halafu mikwaruzo mirefu, picha ikifuatwa na mchezo wenyewe. Simu ya kwanza ililia na Éliakim akaitazama tu. Niliijua kila sehemu kwa sikio, hapa ni magunia, hapa ni vilima, hapa ni mashimo yangu. Ikafika mwisho, ikakatika pale inapotakiwa kukatika. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hawakujua kama imefika, na mimi pia sikujua.

Moustapha akapiga kabla sijafika nyumbani. Alisema jina langu.

"Ni manjano, yaya," akasema. "Nilisahau ya kama ilikuwa manjano."

Amesogeza kiti mpaka magoti yamegusa televisheni. Ameiona. Nimesimama katikati ya njia na pikipiki zinanipigia honi, na sikutaka kusogea.

21 Oktoba

Namba nisiyoijua. Ni ofisa. Ameuliza kama kamiyo ilifika. Nikamwambia ilifika, na maharagwe yote salama. Akasema merci, akakata.

2 Novemba

Misa ya marehemu. Nimewataja wale wawili wa msafara, ingawa jina la mama yule sikulipata. Nadège ametaja wake kumi na mmoja.

10 Novemba

Rachida ameniambia nifungue redio ya Beni baada ya adhuhuri. Tukakaa na Nadège, nimetia kaseti tupu tayari. Mtangazaji akasema tu kwamba kamiyo inarudi. Nikasikia ule mlio. Moustapha amepata wapi mtu wa kumkubalia, sijui, lakini ukoo wake unajuana na kila mtu pale sokoni.

Nilirekodi nikifuata kwa sikio. Jina, sawa. Picha, sawa. Vilima, sawa. Halafu ikakatika mapema. Mimi ndiye niliyeitunga ile sauti, na haikuishia pale. Nikampigia kumwambia redio yao imekata mwisho.

"Haijakata," akasema. "Ni mimi nilitoa kitu."

Nikauliza ametoa nini. Akasema mashine yangu imekufa, hata akinieleza sitaona. "Kuja uone mwenyewe. Na ukuje mbio, jicho linaenda."

13 Novemba

Niliapa sitamweka mtoto wa mtu kwenye barabara ile. Mimi si mtoto wa mtu tena, wazazi wangu wote wako makaburini. Nadège amesema nimepotewa na akili, kisha akanifungia viazi vya njiani. Kasimu anarudi barabarani kesho kutoka hapa, kwa gari jingine la ukoo, na mkono wake umepona nusu. Amesema nitakaa mbele, si juu ya mizigo.

Naogopa. Naandika kwamba naogopa na kwamba naenda. Barabara hii ni yetu, tumeipanda maelfu ya mara kwa vidole kabla wenye bunduki hawajazaliwa, na sitawaachia eti kwa sababu wana bunduki.

Beni, 15 Novemba

Nimefika jana jioni. Kabasha tulipita kimya, hata Kasimu hakuimba. Mabaki ya gari lake yako pale pembeni, mvua imeotesha majani ndani yake.

Moustapha amekonda. Alinitambua kwa sauti, halafu akanisogeza dirishani penye mwanga akanitazama kwa jicho la pembeni. Alisema nimezeeka vibaya. Nikamwambia yeye aliharibika mapema.

Leo asubuhi ameiwasha. Mistari ya rangi, magunia, kamiyo ya manjano. Inaanzia Beni sasa, inapanda kuja Butembo. Nikashika vitufe vya mpira. Nilipanda, nikapanda, nikifunga meno kila kona, na hakuna kilichotokea. Barabara ilikuwa laini tupu. Alikuwa amefuta mashimo yote.

Nikakasirika kweli. Nilimwambia mchezo bila mashimo si mchezo, ni matembezi ya kwenda shambani. Nani alimruhusu kugusa kazi yangu?

Alisubiri nimalize.

"Siyaoni tena, yaya," akasema. "Nakufa kila mara kabla ya Kabasha. Nilitaka nifike hata mara moja."

Nje adhana iliita, akaenda, akarudi akakaa palepale. Nilikuwa nimeshasimamisha programu na kuanza kuandika. Mistari ya mashimo niliikumbuka yote, NOT PI na SGN PI mahali pake, vidole vilijua kuliko kichwa. Akasikia vitufe akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ninarudisha mashimo. Akasema basi hatafika. Nikamvuta kiti kando yangu, nikaweka vidole vyake kwenye vitufe viwili vya kugeuza.

"Mimi nitaangalia," nikasema. "Weye utaendesha."

Kushoto. Kuume. Kuume tena, mbio, Moustapha. Tumekufa. Tukaanza upya. Ananilaumu kwamba nachelewa kusema, namlaumu kwamba kidole chake kizito, na Rachida ametuita kula mara mbili, hatukwenda. Tumekufa kabla ya Kabasha, tumekufa juu ya Kabasha, na sasa hivi naandika haraka kwa sababu amepiga meza, anataka tuanze tena.